Fidla za London katika kwaya za Kakontwe

KAKONTWE, Likasi. – Mabishano katika kwaya nyingi siku hizi hayahusu tena nani ataimba solo siku ya Pasaka. Yanahusu kompyuta.

Mambo huenda hivi. Kijana anafika kwenye mazoezi na kompyuta ndogo katika begi ya shule. Anaunganisha waya kwenye bafle, anabonyeza mahali, na ndani ya chumba chenye mabenchi ya mbao na taa moja inasikika okestra nzima: fidla, selo, filimbi, tarumbeta, na zile ngoma kubwa zenye tumbo la shaba zinazonguruma kama radi. Wamama wa sauti ya kwanza wanapiga vigelegele. Vijana wa besi wanatoa simu zao ili warekodi. Maestro, ambaye miaka yote amefundisha nyimbo kwa solfa, bila chombo kingine zaidi ya mkono wake, ananyamaza kwanza. Halafu anauliza: katika sauti hizi zote, watu wataimbia wapi?

Vijana wanacheka, wanasema papa ameachwa nyuma na wakati. Hawana haki ya kucheka. Papa ameuliza swali la kweli, na ingefaa kila kwaya ya Likasi ilijibu kabla ya kupeleka pesa za wanakwaya studio kurekodi albamu nyingine.

Kwanza ijulikane chombo chenyewe ni nini, maana wengi wanafikiri ni kompyuta inayotunga, au inayojifanya fidla kwa ufundi wake. Sivyo. Ndani ya programu hizi mna watu. Wapiga fidla wa kweli waliketi studio wakapiga noti moja moja: do kwa upole, do kwa nguvu ya kati, do kwa nguvu zote, halafu re, halafu mi, mpaka mwisho wa chombo. Kila noti ilirekodiwa zaidi ya mara moja, kwa mikrofoni za karibu na za mbali. Wakarudia kazi yote kwa upinde mrefu, kwa upinde mfupi, na kwa kudonoa uzi kwa kidole. Vipande hivyo, maelfu kwa maelfu, vikapangwa ndani ya kompyuta. Vinaitwa sampuli za sauti. Kijana anapobonyeza kinanda chake polepole, programu inachukua kipande cha upole. Akipiga kwa nguvu, inachukua kile cha nguvu. Akirudia noti moja mara nne, programu iliyotengenezwa vizuri inazungusha vipande tofauti, ili sikio lisisikie kitu kilekile kinagongwa kama msumari.

Kwa hiyo anayesikika katika bafle la Kakontwe ni mtu aliyepiga fidla yake siku fulani huko Ulaya, akalipwa, akaenda nyumbani. Hajui wimbo wetu na hatausikia.

Jambo hili si la jana. Mwaka 1963 Waingereza wa mji wa Birmingham walianza kuuza Mellotron, kinanda ambacho kila ufunguo wake ulikuwa na utepe wa sauti. Ukibonyeza, utepe unapita na fidla zinalia kwa sekunde nane hivi, kisha utepe unakwisha na lazima uachie kidole. Mwaka 1979 Australia ikatoa Fairlight, ambayo iliweka sauti kwa hesabu ndani ya kompyuta, lakini bei yake ilikuwa ya kununua nyumba. Kuanzia 2000 watu wa Vienna, mji wa Mozart na Beethoven, walijenga maktaba kubwa ya okestra inayoitwa Vienna Symphonic Library. Na kampuni ya London, Spitfire Audio, iliyoanza 2007, ilichukua okestra ya BBC yenyewe, ile iliyoundwa 1930, ikairekodi katika studio za Maida Vale. Toleo kubwa la kazi hiyo linataka nafasi ya giga 600 hivi na linauzwa kwa mamia ya dola. Toleo dogo, linaloitwa Discover, lina uzito wa mega 200 hivi, na hutolewa bure.

Mega 200! Mkaaji wa Likasi anajua bei ya mega, na anajua kwamba mega 200 ni kitu ambacho kijana anaweza kukusanya katika juma moja akipunguza video za kuchekesha. Kuna nyingine pia. VSCO 2 Community Edition ilitolewa na watengenezaji wake kwa kila mtu, kwa kazi yoyote, hata ya biashara. Sonatina Symphonic Orchestra ni ya bure vilevile. Na MuseScore, programu ya kuandika noti, tangu toleo lake la nne la Desemba 2022 inaweza kupakua sauti za okestra bila malipo, ingawa hizo ni nzito na zinataka intaneti yenye nguvu.

Hapa pasemwe wazi jambo moja ambalo wengi wanalipita kimya. Kompyuta nyingi za muziki za huku zimejaa programu zilizovunjwa, zinazopita mkono kwa mkono katika flashi pamoja na virusi vyake. FL Studio, ambayo ilizaliwa Ubelgiji 1997 na ambayo karibu kila kijana wa studio ya nyumbani anaijua, ina toleo la kujaribia: linakuruhusu kutengeneza wimbo, lakini ukiufunga hulifungui tena faili lako mpaka ununue. Ndipo watu wanapoanza kutafuta iliyovunjwa. Lakini LMMS ni ya bure kabisa, na REAPER inauzwa dola 60 kwa mtu wa kawaida baada ya siku 60 za kujaribu. Kwaya inayoimba amri ya usiibe siku ya Jumapili, kisha inarekodi kwa programu ya wizi siku ya Jumatatu, haina cha kujitetea. Zamani mtu angesema hana njia nyingine. Leo njia ipo.

Basi, je, kompyuta hii inamnyang'anya mtu kazi? Huko Uingereza chama cha wanamuziki kilikuwa na hofu juu ya Mellotron, na hofu hiyo ilikuwa na msingi, kwa sababu kulikuwa na wapiga fidla waliokula kwa fidla. Kakontwe ni mahali pa mawe ya chokaa. Wataalamu wa miamba wametumia jina la mtaa huu kutaja mwamba wa chokaa wa ukanda wote wa shaba, mpaka upande wa Zambia. Hapa hakuna mpiga selo atakayelala njaa kwa sababu ya Discover. Tena Kongo nzima neno lenyewe lina maana yake: ukimwambia mtu «orkestra» anawaza magitaa, besi na waimbaji, anawaza TP OK Jazz, wala hawazi watu themanini waliovaa nyeusi mbele ya mtu mwenye kijiti.

Wapo hao themanini, lakini wako Kinshasa. Mwaka 1994 Armand Diangienda, aliyekuwa rubani, mjukuu wa Simon Kimbangu, alianzisha Orchestre Symphonique Kimbanguiste. Walianza na vyombo vichache kuliko watu. Mmoja alipiga kwa dakika chache, akampa fidla mwenzake, akangoja zamu. Uzi ulipokatika, waya wa breki ya baiskeli ulichukua nafasi yake. Ulimwengu uliwaona 2010 katika filamu ya Wajerumani, Kinshasa Symphony. Ni habari ya kutia moyo, na wachungaji wanapenda kuisimulia. Lakini kutoka Kinshasa mpaka Likasi ni mbali kuliko ramani inavyoonyesha, na kijana wa huku hatangoja okestra ya watu ije kwake ndipo asikie jinsi filimbi inavyokaa juu ya sauti ya pili.

Kwa ajili ya hilo, programu hizi ni shule. Zamani mtunzi aliandika sauti nne, akazisikia kichwani tu. Leo anaandika mstari wa klarineti usiku, anausikia usiku uleule, anaona kwamba unagongana na sauti ya tatu, anaufuta. Hakuna mwalimu wa huku ambaye angempa somo hilo, kwa sababu hakuna klarineti. Anayetaka kumkataza kijana kompyuta anamkataza darasa lake pekee.

Hatari iko mahali pengine, na ili kuiona vizuri ni lazima kwenda mbali kidogo, mpaka Zanzibar.

Zanzibar walikuwa na okestra yao, okestra ya taarabu. Ikhwani Safaa iliundwa 1905, Culture Musical Club 1958. Humo mlikuwa fidla, udi, ganuni, akodioni, besi, ngoma. Watu wengi jukwaani, na kila mmoja alikuwa na miaka ya kujifunza mkononi mwake. Kisha, kuanzia mwisho wa miaka ya 1980 na kuendelea, vikaja vinanda vya umeme. Vikundi vya taarabu ya kisasa kama East African Melody viliona kwamba mtu mmoja kwenye kinanda anaweza kutoa fidla zote kwa vidole kumi. Mwenye harusi naye alipiga hesabu: kulisha na kulipa watu ishirini, au watano? Fidla na ganuni zilianza kushuka jukwaani. Wapenzi wa taarabu mpya hawakulia. Walicheza, na muziki ulikuwa na moto wake, hilo haliwezi kukataliwa. Lakini baadaye watu waliona kwamba wanaojua kupiga ganuni wanahesabika, na mwaka 2002 chuo cha muziki, Dhow Countries Music Academy, kilifunguliwa katika Mji Mkongwe ili kufundisha tena vyombo vile ambavyo zamani vilifundishwa na vikundi vyenyewe.

Huku Kongo tumeona mfano wa karibu zaidi. Zaiko Langa Langa na vijana wengine wa kuanzia 1969 waliacha saksofoni na tarumbeta walizozikuta kwa wakubwa zao, wakaweka magitaa mbele. Ilikuwa uamuzi wa ujana, na ulizaa muziki mkubwa. Lakini mpiga tarumbeta wa rumba alianza kuwa mtu wa kutafutwa.

Fundisho la Zanzibar si kwamba kinanda ni kibaya. Ni kwamba chombo kipya hakiui kile ambacho huna. Kinaua kile ulicho nacho, maana hicho ndicho kinachokugharimu kila siku kwa mazoezi, kwa chakula na kwa uvumilivu. Zanzibar walikuwa na fidla, na fidla ndizo zilizopungua. Kakontwe haina fidla. Ina nini? Ina sauti za watu. Ina kijana wa ngoma. Ina gitaa. Ina wapiga tarumbeta wa kanisa la Kimbangu, wale wa fanfare na wa filimbi, ambao wanapulizia vyombo vya kweli katika jua la kweli. Hao ndio wanaoambiwa leo: kaeni kwanza, tumeweka ya kompyuta.

Na hapo maestro ana haki kabisa.

Sikiliza nyimbo za kwaya zinazopita katika redio na katika simu. Fidla zinaanza sekunde ya kwanza na haziachi mpaka ya mwisho, kama moshi wa makala katika nyumba yenye dirisha moja. Kijana amefungua sauti iliyoandikwa «strings», ameweka mikono miwili, ameshika noti nane kwa pamoja kama anavyoshika kinanda cha kanisa. Hakuna okestra inayopiga hivyo. Wapiga fidla wa kwanza wana mstari wao, wa pili wao, selo wao, na mara nyingi wananyamaza kabisa ili mtu mwingine asikike. Kuna nyimbo ambapo filimbi inashika noti moja nusu dakika bila kuvuta pumzi. Mpulizaji wa kweli angezimia. Kuna fidla zinazoshuka chini ya sol iliyo chini ya do ya katikati, mahali ambapo fidla haina tena uzi. Na kuna kile kigurudumu cha kinanda, au mstari wa kuchora katika programu, ambacho kazi yake ni kukuza na kupunguza sauti wakati noti inaendelea. Wengi hawakigusi, ndiyo maana okestra yao inasikika kama honi iliyokwama.

Haya ni makosa ya kujifunza, yatapona. Yule atakayesikiliza okestra za kweli, hata kwa simu, ataacha mengi kati yake katika miezi sita.

Kosa ambalo haliponi lenyewe ni la utaratibu wa kazi. Karibu kila mahali mambo yanafanywa kwa kuanzia na kompyuta. Kijana anatengeneza okestra yote nyumbani, na mwendo wake, na mahali pa kuanzia, na ufunguo wake. Halafu wanakwaya wanaitwa, wanavikwa spika za masikioni wawili wawili au watatu watatu, na wanaambiwa: imbeni juu ya hii. Hapo ndipo kwaya inapokufa.

Kwaya ya huku haina mwendo wa saa. Inavuta. Inafika kwenye neno zito na kukaa juu yake, maestro anainua mkono, wamama wanangoja, besi inashuka, ndipo wote wanatua pamoja. Mlio wa tik-tik katika masikio hauijui ile kungoja. Tena kwaya inayoimba bila chombo inapanga sauti zake kwa kusikilizana: wa sauti ya tatu anasogea kidogo kumfuata wa kwanza, na ule upatanisho ndio unaofanya nywele zisimame. Mara nyingine kwaya nzima inashuka nusu sauti kutoka mwanzo mpaka mwisho, na hakuna anayeona, kwa sababu wameshuka pamoja. Kompyuta haishuki na mtu. Inabaki palepale, na waliokuwa sawa wanasikika wamekosea. Kisha kijana anatumia programu ya kunyoosha sauti, anamnyoosha mama wa miaka hamsini mpaka anafanana na mtoto wa Marekani. Halafu anaweka fidla juu ili kufunika mikunjo iliyobaki.

Basi utaratibu ugeuzwe. Kwaya kwanza, kompyuta baadaye. Warekodiwe watu wote pamoja, wakisimama kama wanavyosimama kanisani, mikrofoni mbili mbele, maestro akiongoza kwa mkono. Wakimaliza, na wakiridhika, kijana aende nyumbani na kazi hiyo na akae nayo. Programu nyingi za kurekodi, hata baadhi ya zile za bure, zinakubali kufuata mwendo wa sauti iliyokwisha kurekodiwa. Ni kazi ya jioni mbili kuweka alama kila mahali pigo linapoanguka. Ikiwa kwaya imeshuka nusu sauti, fidla zishushwe nusu sauti: ni za programu, haziwezi kukasirika. Okestra ya London ifuate kwaya ya Kakontwe, ingoje mahali mama anapongoja.

Atakayejaribu njia hii ataona jambo la pili. Akiisikiliza kwaya peke yake, ikiwa imerekodiwa vizuri, atakuta kwamba mahali pengi hapahitaji kitu. Labda selo moja chini ya ubeti wa mwisho. Labda zile ngoma za shaba mara mbili tu. Kazi ya mpangaji wa muziki ni pia kuacha.

Vijana watasema: bila okestra wimbo hausafiri, hausikiki kama wa kimataifa. Neno hili «kimataifa» limeharibu kazi nyingi. Mji huu ulipokuwa bado unaitwa Jadotville, kabla ya kurudishiwa jina Likasi 1966, alipita Hugh Tracey na mashine yake ya kurekodi. Ilikuwa 1952. Hapa Jadotville alimrekodi kijana wa Bayeke, Mwenda Jean Bosco, na gitaa lake moja. Wimbo Masanga ulitoka katika kazi hiyo. Gitaa moja, bila hata bafle. Wapiga gitaa wa Ulaya na Marekani waliukalia chini wakijaribu kuelewa jinsi kidole gumba na kidole cha shahada vinavyoweza kufanya kazi ya watu wawili, na bado wanaufundishana mpaka leo. Miaka sita baadaye, huko Kamina, padri Mfransisko wa Ubelgiji, Guido Haazen, na kwaya ya Les Troubadours du Roi Baudouin waliimba Missa Luba: sauti za watu, ngoma, basi. Misa hiyo ilifika Brussels, ikaingia katika sahani za kampuni ya Philips, na mwaka 1968 Sanctus yake ikasikika katika filamu ya Kiingereza, If.... Hakuna aliyeomba iongezewe fidla.

Hao wawili walisafiri kwa kitu ambacho London haikuwa nacho. Leo kijana anachukua kitu cha London, ambacho watunzi wengi duniani wanacho katika kompyuta zao, noti kwa noti ileile, na anatarajia London ishangae.

Kuna njia nyingine ambayo bado haijajaribiwa vya kutosha, nayo ndiyo ingefaa kuwasha macho ya vijana. Ikiwa sampuli ni noti moja moja iliyorekodiwa, nani amesema lazima iwe ya fidla? Decent Sampler ni programu ya bure inayopokea sauti zako mwenyewe na kuziweka juu ya kinanda. Besi wanne wa kwaya waimbe «o» kwa kila noti, polepole na kwa nguvu. Wamama waimbe «a» na mvumo wa midomo iliyofungwa. Ngoma irekodiwe kwa kiganja, kwa vidole, kwa fimbo. Mzee anayejua likembe apige kila kijiti mara tatu. Ni kazi ya Jumamosi chache na uvumilivu mwingi, na mwishowe kijana ana okestra ambayo hakuna mwingine duniani anayo. Okestra kubwa za programu zina fidla na zeze za kila aina. Besi wa Kakontwe hawamo ndani yake, na hawataingia wenyewe.

Lakini hapo wanakwaya wawe macho pia. Sauti ikishawekwa katika kompyuta inaweza kuimba nyimbo ambazo mwenyewe hajawahi kuzisikia, na kuendelea kuimba hata baada ya mwenyewe kuzikwa. Wapiga fidla wa London walitia sahihi na walilipwa. Wamama wa sauti ya kwanza nao wakubaliane kwanza, kwa karatasi: nani anaitunza, nani anaweza kuiuza, pesa ikija inakwenda wapi. Kamati ya kwaya inayojua kuandika daftari la michango inaweza kuandika na hilo.

Na kwenye jalada la albamu paandikwe ukweli. Kama fidla ni za programu, iandikwe ni za programu. Kama kijana fulani ndiye aliyepanga vyombo, jina lake liwepo, alipwe kama fundi yeyote, kwa sababu usiku mwingi wa umeme unaokuja na kuondoka umepita kichwani mwake, na mara ngapi kazi ya saa tatu imepotea kwa taa kuzimika kabla hajaihifadhi. Mpiga ngoma naye aandikwe. Wengi hawaandikwi, ndiyo maana wanachoka.

Mvua za Novemba zikianza kugonga mabati, kurekodi kwaya nzima ndani ya kanisa ni kazi bure. Mikrofoni inasikia bati kuliko watu. Wakati mzuri ni kipwa, kati ya Mei na Septemba, baada ya saa mbili usiku, malori yakishalala. Batri ichajiwe mchana. Milango ifungwe, simu zote zizimwe, hata ya mchungaji. Maestro atoe do. Kijana akae karibu na kompyuta yake, aangalie tu mstari wa sauti unavyopanda na kushuka, na okestra yake aiache imefungwa mpaka wamama wamalize na warudi nyumbani.